Setilaiti Inaona Kijani, Mzee Anaona Nyasi: Nani Achore Ramani ya Malisho ya Kaskazini?

Wasee wa choma, hii story ni yenu. Ile mbuzi mnaagiza wikendi na kachumbari pembeni haikuzaliwa Kiamaiko. Wengi wao wanatoka Isiolo, Marsabit na Moyale, wanapakiwa kwa lori usiku, wanafika Nairobi wakiwa wamechoka kuliko wewe Jumatatu asubuhi. Kabla ya lori kuna mchungaji. Na kabla mchungaji aamue anaelekea wapi, kuna ramani. Haiko kwa karatasi, iko kwa kichwa chake na kwa vichwa vya wazee wake.

Sasa hiyo ramani ya kichwa ndiyo inaleta ngori siku hizi. Kila mtu anataka kuichora upya. Serikali inataka kupitisha barabara na bomba. Kampuni za bima zinataka kujua nyasi imebaki ngapi. Watu wa kaboni wanataka kuuza hewa iliyo kwa udongo. Mashirika ya wanyamapori yana ramani zao tayari, na zina rangi nzuri kweli. Swali ni moja tu: mwenye ng'ombe ameshika kalamu ama ameshikiwa?

Usidhani hii ni story ya mbali. Zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya Kenya ni kavu ama nusu kavu. Hiyo ndiyo nchi yenyewe, buda. Nairobi ni kadoa tu. Lakini ukiangalia ramani tulizosoma shule ya msingi, kaskazini ilikuwa karatasi nyeupe na majina machache. Mtoto wa Nyeri anakua akijua kwamba kule hakuna kitu. Na mahali "hakuna kitu" ni rahisi sana kupeana.

Chukua Isiolo, juu kazi ya kuchora ramani pamoja na wafugaji ilifanyika huko kwa undani. Ni kaunti ya zaidi ya kilomita za mraba 25,000, yenye Waborana, Wasomali, Wasamburu, Waturkana, Wameru na wengine, na mto mmoja wa maana, Ewaso Nyiro, unaotoka upande wa Mlima Kenya na Aberdare na kwenda kufia Lorian, kwenye kinamasi.

Kwa Waborana, kazi ya kuamua mifugo iende wapi na lini ni ya baraza la wazee wa malisho linaloitwa dedha. Hawa wazee hawagawi ardhi kwa ekari, wanaigawa kwa misimu. Kuna malisho ya wakati wa mvua, ganna, mbali na mto, penye maji ya vidimbwi yanayokaa wiki chache tu halafu yanapotea. Kuna malisho ya kiangazi, bona, karibu na mto na visima vya kudumu. Halafu kuna akiba ya ukame, mahali ambapo haguswi na mtu mpaka mambo yawe mabaya kabisa. Wanyama wenyewe pia wanagawanywa. Ng'ombe wa maziwa, warra, wanabaki karibu na boma ndio watoto wapate kitu ya kunywa. Wale wengine, fora, vijana wanaenda nao mbali, saa zingine kwa miezi. Na kila kisima kina mtu wa kupanga foleni, aba herega, anayesema nani ananywesha leo na nani anangoja kesho. Ukiruka foleni unapigwa faini.

Kwa hivyo ukipita na V8 yako mwezi wa tano uone nyasi imesimama kando ya mto na hakuna hata ng'ombe mmoja, unasema, "Hii ardhi imekaa tu." Haijakaa tu, imefungwa. Ni kama pesa ya chama. Iko kwa akaunti, na kwa sababu haujaona mtu akiitoa haimaanishi haina wenyewe. Jaribu kuichukua uone.

Hapo ndipo ramani za kawaida zinashindwa. Ramani ya ofisini inaonyesha mahali, lakini haina saa. Haiwezi kukuambia hapa ni pa Aprili, pale ni pa Septemba, na pale kwingine ni pa mwaka ule ambao watu wanazika ng'ombe. Ramani ya mfugaji iko na kalenda ndani.

WAZEE NA PROJEKTA

Mwanzoni mwa miaka ya 2010, jamii za Isiolo zilianza kuitoa hiyo ramani kichwani na kuiweka mahali serikali inaweza kuiona. Walifanya kazi na shirika la hapo hapo, Resource Advocacy Programme, na watafiti wa taasisi ya IIED ya London. Na cheki venye ilifanyika, kwa sababu njia ndiyo ilibeba maana yote.

Kwanza watu wanachora wenyewe, kwa mchanga ama kwa karatasi kubwa, bila mtu wa nje kuingilia. Hiyo mchoro haina vipimo. Kisima kinaweza kutokea kikubwa kuliko mlima, kwa sababu kisima ndicho maisha na mlima uko tu hapo. Njia ya kupitisha ng'ombe inakuwa pana kuliko barabara ya lami. Mtaalamu wa ramani akiona atacheka, lakini hapo ndipo unajua watu wanathamini nini.

Baadaye picha ya setilaiti ya Google Earth inarushwa ukutani na projekta. Wazee ambao hawajawahi kugusa kompyuta wanaangalia ardhi yao kutoka juu. Ungedhani watapotea. Wapi! Mtu aliyetembea mahali miaka 50 akiangalia rangi ya udongo na mikunjo ya lugga anaitambua hata ukimwonyesha kutoka mwezini. Kijana wa laptopu anasogeza picha, mzee anaelekeza, wanafika. Kijana anachora mstari, halafu anaandika yale anaambiwa: udongo wa hapa ni mweusi ama mwekundu, nyasi ni aina gani, chumvi ya mifugo iko ama haiko, maji yanakaa muda gani, wakati wa mvua kuna kupe ama hakuna, panatumika msimu gani na kwa ruhusa ya nani. Hizo data zinaingia kwa programu ya ramani zikiwa na vipimo vya kweli, na zingine ziliwekwa kwa OpenStreetMap. Ramani ikishatoka inarudishwa kwa watu, wabishane, warekebishe, ndio iitwe yao.

Hiyo ya kubishana usiichukulie poa. Mzee anajua historia: hapa palikuwa na nyasi ya mwaka mzima mpaka ukame fulani, sasa ni miiba. Mama anajua maji ya karibu, mahali ndama wanalishwa, na miti ya dawa ambayo mzee hana hata habari iko wapi. Kijana wa fora ndiye ana habari mpya kuliko wote, kwa sababu juzi alikuwa huko na anajua njia gani imefungwa na risasi. Ukikalisha wazee pekee, unapata ramani ya mwaka wa 1985. Na miradi mingi, ukweli usemwe, inakalisha wazee pekee, inapiga picha, inapeana soda na nauli, inaondoka.

KIJANI YA UONGO

Sasa mtu wa teknolojia atakuuliza: mbona usumbuke na mikutano na setilaiti iko juu bure? Swali fiti. Setilaiti inapima ukijani wa ardhi na inapita mara kwa mara. Inaona mahali ambapo hakuna gari la serikali limewahi kufika.

Na imesaidia watu, tusikatae. Mwaka wa 2010 kule Marsabit, taasisi ya ILRI na wenzake walianzisha bima ya mifugo inayotumia hizo picha. Hakuna mtu anakuja kuhesabu mizoga. Kama ukijani wa eneo lenu ukishuka chini ya kiwango fulani ukilinganisha na miaka iliyopita, mnalipwa. Malipo ya kwanza yalitoka 2011, mwaka ambao Pembe ya Afrika ilikuwa inalia. Kwa mfugaji ambaye benki inamwona kama mtu hana mali, ilikuwa hatua.

Lakini setilaiti inaona kijani. Haijui kama hiyo kijani inalika.

Muulize Mchamus wa Baringo kuhusu mathenge. Huo mti uliletwa miaka ya 1980 kwa mradi wa serikali uliosaidiwa na FAO, ndio uzuie jangwa na upatie watu kuni. Ukashika. Ukashika mpaka ukala malisho, ukaziba njia, ukafukuza watu kwa boma zao. Maganda yake yana sukari, mbuzi wanayapenda, na wakiyala sana meno yanaoza na kung'oka. Mwaka wa 2006 watu wa jamii hiyo walienda kortini dhidi ya serikali, na wakabeba mbuzi asiye na meno kama ushahidi. Nairobi watu walicheka, magazeti yakapiga picha. Mwenye mbuzi hakuwa anacheka.

Sasa chukua hiyo mathenge uitazame kutoka juu. Kijani kabisa! Kijani mwaka mzima, hata wakati wa ukame, kwa sababu mizizi yake inafika maji ya chini. Kwa kompyuta hapo ni mahali pazuri. Kwa mbuzi hapo ni kwa daktari wa meno. Laikipia nako kuna ile kaktasi ya Opuntia, miiba yake inaumiza mdomo na tumbo la mnyama, na yenyewe pia kutoka juu inapendeza. Kwa hivyo ukitengeneza bima, ama mpango wa ukame, ama mradi wowote kwa kuangalia ukijani peke yake, utalipa mahali hapana shida na uache mahali watu wanakufa. Ni mtu wa hapo tu anaweza kukwambia hii ni nyasi, hii ni takataka, na hii ilikuwa nyasi mpaka miaka 5 iliyopita.

Ndiyo maana nasema malisho yanabadilika haraka kuliko ramani. Mvua zimekuwa za kubahatisha. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu 5 ya mvua ilifeli mfululizo, na Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Vichaka vimekula nyasi. Miji midogo imeota kando ya lami ya Isiolo hadi Moyale. Mto Ewaso Nyiro unashuka maji kidogo kila kiangazi, kwa sababu juu kule watu wa mashamba wanavuta kwanza, na wa chini wanapata makombo. Ramani ya kuchorwa mara moja halafu ikawekwa kwa fremu haisaidii mtu hapa.

KISIMA CHA KURA

Lakini shida kubwa si hali ya hewa pekee. Shida nyingine inavaa suti na inakata utepe.

Unajua vile siasa zetu ziko. Mwanasiasa akitaka kura za wafugaji anaahidi maji. Anachimba kisima cha mashine, anaweka tangi na jina lake, anapiga picha na akina mama wakipiga vigelegele. Nani atakataa maji? Mimi na wewe hapa mtaani tukikosa maji siku 2 tunaandamana.

Sasa fikiria hicho kisima kimechimbwa katikati ya malisho ya mvua, ama kwa ile akiba ya ukame. Kazi ya kulinda hiyo nyasi ilikuwa inafanywa na kitu kimoja tu: ukosefu wa maji. Vidimbwi vikikauka, watu wanaondoka wenyewe, nyasi inapumzika, msimu ujao inarudi. Ukileta maji ya mwaka mzima, watu hawaondoki. Kwanza inakuja familia 3, halafu duka la mandazi na kredo, halafu shule, halafu chifu. Baada ya miaka michache, kuzunguka kisima kuna duara la vumbi, na wazee wa dedha hawana nguvu tena kusema ondokeni, kwa sababu mahali sasa ni kituo cha kupigia kura. Ukame ukija watu wanakimbilia akiba, wanapata akiba ilishakulwa.

Hakuna mtu alikuwa na nia mbaya hapo, pengine. Injinia aliangalia ramani yake, akaona maji yako chini, akachimba. Ramani yake haikuwa na mstari unaosema hapa ni benki ya watu.

Ndiyo maana kile Isiolo ilijaribu kina maana. Walipoanzisha hazina ya kaunti ya mabadiliko ya tabianchi, kamati za wadi ndizo zilichagua pesa ziende wapi, na hawakuchagua visima vipya tu. Walitengeneza vyanzo vya maji vilivyokuwa vimeharibika mahali panapofaa, na pesa zingine zikasaidia mikutano ya dedha na ulinzi wa malisho ya kiangazi. Kwa mtu wa Nairobi hiyo inasikika kama kupoteza doo: unalipia wazee wakae chini ya mti? Lakini wale wazee ndio mfumo. Ni kama kulalamika kwamba kaunti inalipa watu wa taa za barabarani. Mtindo huo ulienea kwa kaunti zingine, na sasa serikali ya kitaifa ina mpango wake wa FLLoCA unaofanana nao. Ukiwa na ramani mezani siku ya kugawa pesa, mzee anaweza kuweka kidole na kusema, "Hapa hapana," na injinia anaelewa sababu bila kuambiwa mila yote kutoka mwanzo.

NETFLIX IKO NDANI PIA

Sawa, tuongee kuhusu pesa kubwa. Unaweza kuwa unatazama series yako usiku na haujui kwamba kuna kauzi kanakuunganisha na ng'ombe wa Merti.

Shirika la Northern Rangelands Trust, NRT, lilianzisha mradi wa kaboni kaskazini, kwa ardhi ya karibu hekta milioni 1.9. Wazo ni hivi: mifugo ikilishwa kwa mpango, kwa zamu, nyasi inarudi, mizizi inaingia chini, udongo unashika kaboni zaidi. Hiyo kaboni inapimwa, kwa sehemu kubwa kwa kutumia picha za setilaiti na hesabu za kompyuta, inageuzwa krediti, inauzwa kwa makampuni yanayotaka kusema yamesafisha hewa yao. Netflix na Meta ni kati ya wanunuzi waliotajwa.

Mwaka wa 2023 Survival International walitoa ripoti wakiuliza swali ambalo dedha yeyote angeuliza: kulisha kwa zamu mnaanza lini kutufundisha, na tumefanya hivyo tangu babu? Kwa sababu mradi ulitegemea dai kwamba bila wao malisho hayakuwa na mpango. NRT ilikana madai ya ripoti hiyo. Verra, wale wanaosajili hizi krediti, walisimamisha utoaji wa krediti mpya kwa muda wakikagua.

Halafu Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Isiolo ikatoa uamuzi kwa kesi iliyoletwa na watu wa jamii 165. Ikasema hifadhi 2 za jamii, Biliqo Bulesa na Cherab, zilianzishwa kinyume cha sheria, bila wananchi kushirikishwa inavyofaa. Biliqo Bulesa ni moja ya zile zilizokuwa ndani ya mradi wa kaboni.

Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu NRT. Kuna watu huko juu watakuambia hifadhi ziliwaletea walinzi, ajira na karo za shule, na kuna watu watakuambia ziliwaletea bunduki za watu wengine kwa malisho yao. Mimi siko hapo kuwaamulia. Ninachoona ni kwamba vita vyote vilianza na ramani mbili za mahali pamoja. Moja inasema kulikuwa na malisho bila mpango. Nyingine inasema mpango ulikuwapo, wewe tu haukuuliza. Kama ile ya pili ingekuwa imechorwa, imekubaliwa na iko kwa meza ya kaunti kabla ya mkataba wowote, hiyo mazungumzo ingekuwa tofauti kabisa, hata kama mwisho wake ungekuwa jamii kusema ndiyo.

LAINI PIA INAUMA

Msidhani basi ramani ni dawa. Kuna upande wake mbaya na lazima tuuseme.

Malisho ya kaskazini hayana ukuta. Mwaka huu mvua imenyesha kwangu, wewe unakuja na ng'ombe wako, unaomba, unapewa masharti, unakaa. Mwaka ujao ni zamu yangu kuomba. Sasa leta laini nyeusi kwa kompyuta, andika hapa ni Borana, hapa ni Samburu, hapa ni Somali. Mahali kama Kom, ambapo makabila kadhaa hukutana ukame ukichacha, laini kama hiyo inaweza kumwaga damu. Mpaka wa Isiolo na Meru peke yake umegombaniwa miaka mingi, na kila upande una ramani yake inayosema ukweli.

Ndiyo maana wale wanaofanya kazi hii vizuri hawachori mipaka kwanza. Wanachora maji, njia za mifugo, chumvi, malisho na misimu yake, halafu wanaita majirani wakae mezani pia. Majirani wetu wa Tanzania wana mfano mzuri. Kule Kiteto, vijiji 3 vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa vilikubaliana kuwa na malisho ya pamoja yanayovuka mipaka ya vijiji, kwa mpango mmoja wa matumizi ya ardhi unaotambuliwa na sheria, na wakaunda jina kutoka kwa majina yao: OLENGAPA. Kila kijiji kilibaki na mpaka wake, lakini ng'ombe hakuulizwa kitambulisho.

Kuna hatari nyingine pia, na hii vijana wa teknolojia hawapendi kuisikia. Ukiweka kila kisima na kila akiba ya nyasi kwa ramani ya wazi ya dunia nzima, nani anaifungua? Mfugaji mwenye simu yenye ufa na bando za bob 20? Ama wakili wa mtu anayetafuta ardhi, mwizi wa mifugo aliye na mjomba wa kompyuta, na kampuni inayotafuta mahali pa kuchimba? Jamii inafaa iamue safu gani ya ramani ionekane na wote, gani ibaki kwa kaunti, na gani ibaki kwa wazee. Kuna vitu havifai kuingia kabisa.

SASA SHERIA INASEMAJE

Kwa karatasi, wafugaji wako vizuri. Katiba ya 2010 inatambua ardhi ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaruhusu jamii kujisajili, kuchagua kamati ya watu 7 hadi 15, na kupata hati. Inasema mila na desturi za wafugaji kuhusu malisho zizingatiwe. Inasema mwekezaji hawezi kuingia mpaka thuluthi 2 ya wanajamii watu wazima wakubali kwa mkutano. Ardhi ambayo haijasajiliwa inashikiliwa na kaunti kwa niaba ya jamii, na pesa za fidia, tuseme za LAPSSET ama ule mji wa starehe unaopangwa kule Kipsing, zinafaa kukaa kwa akaunti maalum yenye riba mpaka wenyewe wasajiliwe.

Lakini usajili unaenda kama lori ya mbuzi kwa kona za Subukia. Sehemu kubwa ya ardhi ya kaskazini bado haijasajiliwa, na miradi haingoji.

Na kuna mtego hata kwa wale wanaosajili. Hati inachora laini ya nje tu. Mpima ardhi anakuja, anapima kona, anaweka bikoni, anaondoka. Ndani ya hiyo laini hakuna kitu. Ganna haimo, bona haimo, akiba haimo, njia ya kupitisha mifugo ya jirani haimo. Nyeupe tena, kama ile ya shule ya msingi, tofauti ni kwamba sasa iko na muhuri. Kamati mpya ya watu 7, ikiwa na vijana wawili waliopanda bei, inaweza kuleta kwa mkutano pendekezo la kukodisha akiba ya ukame kwa mtu, na thuluthi 2 wakiinua mkono kila kitu kiwe halali kabisa, kwa sababu hakuna karatasi inayosema hiyo ilikuwa akiba.

Kwa hivyo kama uko Isiolo, Marsabit, Samburu, Garissa ama kokote na mkutano wa usajili umeitwa, usiende kuuliza tu hati inatoka lini. Uliza ramani ya ndani iko wapi. Uliza ilichorwa mwaka gani na nani walikuwa kwa chumba, na kama akina mama na vijana wa fora walikuwa ndani ama walikuwa nje wakipika chai. Uliza majirani wamepewa nakala. Uliza iambatanishwe na sheria ndogo za jamii siku hiyo hiyo kamati inachaguliwa, si baadaye. Na uliza faili yenyewe iko kwa laptopu ya nani, kwa sababu mradi ukiisha yule kijana wa laptopu anaenda na yeye.